Sura ya Nne: Ada, Lugha na Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Kila ifikapo miezi ya mwisho wa mwaka, nguzo za umeme na kuta za jiji la Dar es Salaam huvishwa mabango yenye picha za watoto waliovaa majoho ya mahafali ya chekechea, na katika nyumba zenye mtoto aliyetimiza miaka mitano huzuka baina ya mume na mke mashauri ambayo hayamaliziki kwa usiku mmoja. Mmoja ana rai kuwa mtoto apelekwe shule ya binafsi, ile yenye basi la njano linalopita alfajiri likikusanya wana wa majirani. Mwenziwe, ambaye amekwisha kufanya hesabu ya mshahara kimya kimya, anakumbusha kuwa yeye alisoma shule ya serikali, akakaa sakafuni, akala mihogo ya kukaanga wakati wa mapumziko, na bado akatokea kuwa mtu miongoni mwa watu. Wote wawili husema kweli, walakini wote wawili huzungumza kana kwamba shule ni mbili tu duniani, ya serikali na ya binafsi, na kana kwamba mtoto wao atasomeshwa na jina la mwenye shule badala ya kusomeshwa na mwalimu fulani, katika chumba fulani, kwa lugha fulani.

Mtaani shauri hili lina kejeli yake. Shule ya serikali huitwa Kayumba, na kwa kuwa shule nyingi za ada zimejipa majina ya watakatifu, wenye mzaha nao wamempa Kayumba utakatifu wakamwita Sent Kayumba. Mzaha huo huchekwa na kila mtu, hata na waliosoma humo. Lakini mara nyingi nimemwona mzazi akiulizwa mwanawe anasoma wapi, akajibu, "Yuko Kayumba," kwa sauti ya mtu anayeungama kosa, na hapo ndipo ninapopata dhana kuwa akali ya ada zinazolipwa mjini hulipwa kwa ajili ya kuikimbia sauti hiyo.

Si kweli, kama wadhanivyo vijana, kwamba elimu ya kulipia ni jambo geni lililoletwa na soko huria. Pwani yetu imekijua tangu dahari chuo cha Kurani, ambacho hakikuwa cha serikali yoyote: mzazi alimshika mwanawe mkono, akamkabidhi kwa mwalimu kwa maneno ya adabu, akatoa alichojaliwa, na mtoto akaketi mkekani na ubao wake pamoja na watoto wa wenye majahazi na wa wachukuzi. Ubaguzi ulioandikwa katika sheria ulikuja na ukoloni, kwani Waingereza walipoitawala Tanganyika walizipanga shule kwa rangi za watu, Mzungu na yake, Mhindi na yake, Mwafrika na yake, na fedha zikafuata rangi wala hazikufuata wingi wa watoto. Mpango huo ulifutwa mwanzoni mwa 1962, na kule Zanzibar serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu ya bure Septemba 1964. Machi 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alianza kusoma mwaka 1934 katika shule ya Mwisenge mjini Musoma, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ukilaumu elimu inayomtenga mtoto na jamaa zake na kumfanya ajihesabu kuwa bora kuliko wao. Mwaka huohuo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za misheni chini ya mamlaka ya dola. Na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo 1977. Agizo hilo lilitekelezwa kwa haraka kubwa hata vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo mafupi wakawa walimu, na wenye ulimi mkali wakazifasiri herufi za UPE, kifupi cha jina la Kiingereza la mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, kuwa "Ualimu Pasipo Elimu".

Kwa hiyo kwa kizazi kizima, ukiziacha shule chache za wageni, mzazi hakuwa na la kuchagua, na mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mbeba mizigo wa bandarini waliweza kukutwa katika dawati moja wakigombea kifutio. Mlango ulifunguliwa na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, iliyowakaribisha watu binafsi kuanzisha shule za msingi na ikaacha zifundishe kwa Kiingereza. Nasisitiza tarehe hizi kwa sababu wazazi wengi wanaoteseka na uchaguzi huu leo walilelewa na watu ambao hawakuuona kabisa, na hivyo hawana nasaha ya kurithi. Bibi aliyempeleka mwanawe shule iliyo karibu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo, hawezi kumwambia mjukuu wake namna ya kusoma karatasi ya ada.

Serikali nayo haikukaa kimya. Ada ya shule za msingi ilifutwa tena kuanzia 2002 katika mpango ulioitwa MMEM, na Waraka Namba 5 wa 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Hili lilikuwa jambo la insafu, na mwenye kulibeza hajapata kumwona mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya shilingi za mchango. Lakini watoto walipofurika, vyumba na walimu havikufurika kwa kadiri yao. Kiwango kilichoandikwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 wa shule ya msingi, na ruzuku iliyowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo katika hizo 6,000 ndizo zipelekwazo shuleni na zilizobaki hukatwa kwa ajili ya vitabu. Elfu sita kwa mwaka mzima! Kwa fedha hizo mwalimu mkuu anatazamiwa kununua chaki, kuchapa mitihani, kuziba dari na kulipa gharama ndogo ndogo ambazo hazina idadi.

Ingia sasa katika darasa la kwanza la shule ya serikali ya pembezoni mwa jiji, zamu ya asubuhi, ilhali zamu ya mchana inangojea chini ya mwembe. Watoto ni zaidi ya mia. Wa mbele wamebanana katika madawati wanne wanne, wa nyuma wamekaa sakafuni na madaftari mapajani, na mwalimu, mwanamke wa makamo mwenye sauti iliyopauka kwa vumbi la chaki, anaongoza wimbo wa silabi, ba, be, bi, bo, bu, kwa fimbo inayogonga ubao na si mtoto. Wimbo ni mzuri, na darasa zima linauimba. Shida haionekani katika wimbo. Huonekana baadaye, mwalimu anapoanza kusahihisha. Akimpa kila mtoto dakika moja tu ya kutazama daftari lake, bila ya kusema naye neno, zitampita karibu saa mbili, na zamu yenyewe ni ya saa chache na ina masomo mengine. Basi husahihisha walio karibu, na wa nyuma huimba. Mtoto wa nyuma aweza kuimba vizuri tangu Januari hata Novemba bila ya mtu yeyote kugundua kuwa hajui ba ni ipi na bu ni ipi.

Hiyo ndiyo aibu ya kweli ya shule zetu za umma, wala si sakafu wala si sare iliyochanika. Tangu watafiti wa Uwezo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba katika Tanzania, Kenya na Uganda, takriban mwaka 2010, wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili waisome, walikuta tena na tena watoto wa madarasa ya juu wasioweza kuisoma. Habari hizo zilipotoka watu walishtuka, na wenye uwezo wakakimbilia shule za ada.

Sasa tuzitazame hizo walizokimbilia, kwa kuwa chini ya jina moja la "shule ya binafsi" kuna vitu vingi visivyofanana. Kuna shule za watu wenye mali, ambazo ada yake ya muhula ingemlisha mfanyakazi wa kawaida kwa miezi mingi, na hizo si za msomaji wa kitabu hiki. Kuna shule za masista na za jumuiya za Kiislamu, ambazo aghalabu zina nidhamu ya muda mrefu na walimu wasiohama kila Januari. Na kuna zile zilizo nyingi kuliko zote, za mtu aliyekuwa na kiwanja na akaona biashara ilipo: nyumba iliyoongezwa vyumba, ukuta uliochorwa wanyama wanaotabasamu, bembea ya chuma, basi dogo, na jina la Kiingereza langoni. Katika shule moja ya namna hii nilipata kuonyeshwa, kwa fahari kubwa, daftari la mtoto wa darasa la pili. Lilikuwa limefungwa kwa karatasi ya kahawia na nailoni juu yake. Mwandiko ulikuwa umesimama wima kama uliopigwa rula. Kila ukurasa ulikuwa na sentensi kumi za Kiingereza juu ya ng'ombe, shamba na maziwa. Na kila sentensi ilikuwa na alama ya vema kwa wino mwekundu. Nilimwomba mtoto anisomee ukurasa wa mwanzo, akausoma wote bila ya kutua. Nikafunika mistari ya juu kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja katikati, akaanza tena sentensi ya kwanza kutoka kichwani mpaka alipolifikia. Alikuwa amehifadhi. Mama yake alikuwa akilipa ada kwa awamu nne, na kila mwisho wa juma alilitazama daftari lile kwa moyo mkunjufu.

Nasimulia kisa hicho bila ya nia ya kuzisuta shule zote za ada, maana zipo ambazo mtoto wa darasa la pili husoma kitabu asichokiona kabla na akacheka mahali pa kuchekea. Nakisimulia kwa sababu mtoto yule na yule wa nyuma aliyekuwa akiimba silabi wamo katika msiba mmoja, ila wa kwanza msiba wake umefungwa kwa nailoni.

Je, ada hununua nini? Hununua kwanza idadi ndogo ya watoto chumbani, na hilo ni jambo kubwa, hununua mwalimu anayefika kila siku, kwa kuwa anaweza kufukuzwa na mwenye shule, ijapokuwa mara nyingi mshahara wake ni mdogo kuliko wa mwalimu wa serikali na yeye mwenyewe anaomba ajira serikalini kila nafasi zinapotangazwa, hununua uji wa saa nne na wali wa mchana, hununua usafiri. Lakini ukimbana mzazi mpaka aseme la moyoni, atakwambia kuwa analipia Kiingereza. Na wala si mjinga. Mtoto wa shule ya serikali husoma hisabati, sayansi na historia kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha kidato cha kwanza masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, hugeuka kuwa ya Kiingereza, na majuma machache ya mafunzo ya lugha hapo mwanzoni ndiyo daraja analotandikiwa. Zanzibar waliliona pengo hilo, na sera yao ya 2006 ikaamuru hisabati na sayansi zianze kufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Bara pengo limebaki pale lilipo, katika kidato cha kwanza, na dola iliyolichimba ndiyo hiyohiyo inayowashangaa wazazi wanaolipa fedha watoto wao walivuke. Madhali lugha ya sekondari haijabadilika, kumlaumu mzazi kwa kupenda Kiingereza ni kumlaumu msafiri kwa kuulizia kivuko.

Ila kivuko hicho kina wakati wake, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wa rafiki zangu. Mtoto wa miaka sita anayekulia Temeke au Tanga ana Kiswahili kamili kichwani. Yaliyobaki ni kumfundisha kwamba maneno anayoyajua yana sura. Na lugha yetu ina tabia ya ukarimu katika jambo hili, kwani herufi husomwa kama zilivyo: aliyezishika silabi zake barabara aweza kusoma neno lolote la Kiswahili, hata ambalo hajapata kulisikia, na mtoto aliyesomeshwa vyema hulifikia daraja hilo katika mwaka mmoja au miwili. Kiingereza hakina ukarimu huo. Herufi zake husema hivi hapa na vile pale, na watoto wa Kiingereza wenyewe huchukua muda mrefu kuzizoea, ilhali wao wanayajua maneno. Mtoto wetu anayeanza kusoma kwa Kiingereza kwa mwalimu ambaye naye Kiingereza chake ni cha kubahatisha anatwikwa mizigo miwili kwa mpigo, kuzijua herufi na kuijua lugha, na asipoiweza huhifadhi, kama yule wa ng'ombe na maziwa. Huku vijijini ambako nyumbani huzungumzwa Kisukuma au Kikurya hoja hii hupungua nguvu kidogo, kwani hata Kiswahili hapo ni lugha ya pili. Lakini ni lugha ya pili iliyo sokoni, redioni na msikitini.

Waliofanya utafiti kwingineko wamelikuta jambo lenye kuafikiana na haya. Katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, Karthik Muralidharan na Venkatesh Sundararaman walifuatilia watoto wa vijijini ambao baadhi yao walipata kwa kura nafasi ya kulipiwa shule za binafsi, na matokeo yakachapishwa 2015: baada ya miaka minne, waliopelekwa shule za ada hawakuwapita wenzao waliobaki za serikali katika hisabati wala katika Kitelugu, lugha ya kwao, bali waliwapita katika Kihindi, ambacho shule za ada zilikifundisha na za serikali zilikuwa hazikitilii muda. Jambo la pili waliloliona laweza kuwauma wapenzi wa shule za umma, nami nikiwamo: shule hizo za binafsi zilifikia hapo kwa chini ya theluthi moja ya gharama ambayo serikali ilitumia kwa kila mtoto. Kwa mzazi lakini, funzo lililo karibu ni kwamba ule ubora mkubwa aliouona langoni aghalabu huletwa na watoto wenyewe kutoka majumbani mwao.

Maana tusisahau jinsi shule zetu za ada zinavyowapata watoto wao. Mtoto hufanyiwa usaili akiwa na miaka sita. Asiyejua huambiwa nafasi zimejaa. Aliyepokelewa na akashuka chini ya wastani hukaririshwa darasa, au mzazi wake huitwa akaelezwa kwa upole kuwa huenda shule nyingine ingemfaa zaidi. Baada ya mchujo wa miaka saba, wanaofika kwenye mtihani wa mwisho ni wale ambao wangefaulu hata wakisomea uani kwao. Baraza la Mitihani lilifanya jema lilipoacha, kuanzia matokeo ya 2022, desturi ya kutangaza shule kumi bora. Desturi ile ilikuwa tangazo la biashara la bure kwa shule zilizojua kuchagua kuliko zilivyojua kufundisha.

Kuhusu fedha sitakawia, kwa kuwa kila mtu anajua mfuko wake. Nitasema tu kuwa ada iliyoandikwa kwenye bango ni mwanzo wa habari: juu yake huja fomu, sare za namna tatu, usafiri, chakula, mitihani ya ujirani mwema, ziara ya Bagamoyo, na mahafali. Hesabu hiyo izidishwe kwa miaka ya elimu ya msingi, ambayo ni saba na kwa mtaala mpya ulioanza 2024 itakuwa sita, kisha izidishwe kwa idadi ya watoto waliopo na watakaozaliwa. Nimeona nyumba ambazo mtoto wa kwanza alisoma shule ya ada mpaka darasa la nne, mambo yakaharibika, akaondolewa. Na kwa mtoto hakuna kilicho kizito kama kung'olewa katikati, akaulizwa na wenzake wapya kwa nini anaongea vile. Shule ya kadiri ambayo mtoto ataimaliza ni afadhali kuliko shule njema ambayo ataiacha.

Usingizi nao ni fedha. Watoto wa mabasi ya njano huamshwa saa kumi na nusu, wakati wazee wanajiandaa kwa sala ya alfajiri, wakazungushwa mitaani mpaka jua litoke. Wengi hulala darasani ada ikiwa imelipwa. Kulikuwa na wazazi waliokimbia udhia huo kwa kuwapeleka bweni watoto wadogo kabisa, mpaka Kamishna wa Elimu alipotoa waraka mwaka 2023 kuzuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne. Yupo aliyenung'unika; mimi nilishukuru, kwani mtoto wa miaka sita anahitaji mtu wa kumfunga vifungo vya shati ambaye anamjua jina la utani.

Basi rai yangu ni hii, na msomaji ana haki ya kuikataa. Kwa miaka miwili ya mwanzo, nikimkuta mwalimu wa darasa la kwanza aliye imara katika shule ya serikali iliyo karibu, hata kama watoto ni sitini au sabini, nitampeleka mtoto huko, asome kwa lugha yake, arudi nyumbani kwa miguu, na fedha ambazo zingekuwa ada zinunue vitabu vya hadithi na nusu saa ya mtu mzima kila jioni. Nikimkuta mwalimu huyo hayupo, au watoto ni mia na ushei na zamu ni mbili, nitatafuta shule ya ada, na nitaitafuta ile ya kawaida yenye walimu wasiohama, kabla ya ile yenye bembea. Mnunuzi wa kanga huikunjua, akaitazama kwenye mwanga, akailowesha ncha aone kama inachuja. Shule tunainunua kwa kuona lango.

Kuikunjua shule si kazi ngumu. Usiende siku ya wazazi. Nenda Jumanne ya kawaida saa tatu asubuhi. Usiulize idadi ya waliofaulu darasa la saba. Uliza nani anafundisha darasa la kwanza, na ameanza lini. Walimu wakuu wengi, wa pande zote mbili, humweka mwalimu wao bora darasa la saba kwa kuwa huko ndiko uliko mtihani, na darasa la kwanza wakampa aliyechoka au aliyeajiriwa juzi. Ukimpata mwalimu mkuu aliyefanya kinyume, umempata mtu anayejua kazi. Omba kuona daftari la mtoto wa nyuma na si la yule watakayekuletea. Tazama vyoo. Uliza habari ya fimbo, na hapo uwe na habari kuwa kanuni za 2002 hazimruhusu kila mwalimu kuchapa, bali mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, fimbo zisizozidi nne, na kuandikwa kitabuni. Ukiomba kukiona kitabu hicho, uso wa unayemwomba utakujibu kabla ya kinywa chake.

Wala usidhani kuwa mpaka baina ya makundi haya mawili ni ukuta. Pale Upanga ziko Olympio na Diamond, shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza na ambazo mzazi huchangia gharama zake, na nafasi humo hugombewa kwa namna ambayo si ya kusimulia kitabuni. Katika miaka ya karibuni halmashauri mbalimbali zimeanza kufungua shule za mtindo huo. Wapo wanaozipongeza. Mimi huona shaka, kwa kuwa dola inapofungua shule ya umma yenye ada karibu na shule ya umma isiyo na ada, imekiri hadharani kuwa ile ya pili haitoshi, kisha ikaiacha ilivyo.

Na iliyoachwa huachwa na mengi. Mhasibu, nesi na mwalimu mwenyewe wanapowatoa watoto wao, huondoka pia mtu ambaye angesimama kwenye mkutano wa wazazi akauliza ruzuku ya robo ya kwanza ilitumikaje, na kwa nini mwalimu wa darasa la kwanza amehamishwa katikati ya muhula. Kamati ya shule hubaki na watu wema ambao wakiulizwa maoni husema wanashukuru. Kwa hiyo mzazi mwenye kauli anayeichagua shule ya serikali asiichague kwa unyonge. Atenge sehemu ya muda wake, agombee ujumbe wa kamati, aombe risiti zibandikwe ubaoni. Mwalimu mkuu mwaminifu atafurahi kupata msaidizi, na asiye mwaminifu atamjua mtoto wako kwa jina, jambo ambalo nalo lina faida zake.

Limebaki shauri la kuhama. Aliyeanza serikalini na akataka kumpeleka mtoto shule ya Kiingereza afanye hivyo baina ya darasa la tatu na la tano, mtoto akiwa amekwisha kusoma Kiswahili bila ya kusitasita na akili yake bado inanasa lugha kwa urahisi. Baada ya hapo shule nyingi za ada humkataa kwa kuogopa wastani wao. Ajiandae kusikia kuwa mtoto atarudishwa nyuma darasa moja. Asikasirike kabla ya kuuliza ni kwa ajili ya lugha au kwa ajili ya kupata ada ya mwaka mmoja zaidi, na dalili ni nyepesi: wakimpa mtoto jaribio la hesabu kwa tarakimu tupu, akalishinda, na bado wakang'ang'ania kumrudisha bila ya mpango wowote wa kumfundisha lugha, atafute kwingine. Anayetoka shule ya ada kwenda ya serikali humwona mtoto akiyumba katika Kiswahili cha hisabati kwa muhula mmoja hivi, kisha hutulia. Barua ya uhamisho huombwa kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka mtoto na hupitia ofisi ya elimu ya halmashauri. Iombwe Novemba, kwa kuwa Januari ofisi hizo hujaa watu mpaka ngazini.